Joho Lililotangulia

Habari ile ilimkuta Fundi akiwa na pini nne mdomoni, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa salama ya wote waliokuwemo dukani, maana mtu mwenye pini mdomoni hawezi kutukana.

"Baba, mimi sheria naiacha," alisema binti yake. Alikuwa amekaa juu ya robota la kitambaa cheusi, anakata nyuzi zilizosalia kwenye majoho. "Mwaka wa kwanza nimeumaliza, imetosha. Nahamia Sayansi ya Udongo."

Fundi alizitema pini moja moja kiganjani mpaka zikatimia nne. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango akipinda mapindo kwa mkono. Mkewe alizidi kuinamia kazi yake. Hapo Fundi akaelewa kwamba yeye ndiye wa mwisho kuambiwa, jambo lililomuuma karibu sawa na jambo lenyewe.

"Sayansi ya nini?"

"Ya udongo."

"Udongo huu?" Alinyoosha kidole kwenye kizingiti, mahali viatu vya wateja vilipoacha vumbi.

"Huo, na mwingine."

"Yaani nimekupeleka chuo kikuu ukasomee matope."

"Matope ni udongo uliozidiwa na maji, baba. Hilo tu linachukua wiki mbili."

Binti huyu alikuwa akiitwa Wakili tangu ana miaka saba. Jina alipewa na baba yake siku alipokataa kuoga, akatoa sababu sita, na mbili kati ya hizo zikakosa majibu. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Wakili, mama akawa Mama Wakili, na Fundi akawa Baba Wakili. Alipochaguliwa kweli kusoma sheria, Fundi alianza kutembea polepole zaidi, ili watu wapate nafasi ya kumsalimia. Kwenye mikutano ya mtaa aliwekewa kiti cha mbele. Hakuwa amewahi kusema lolote la maana akiwa kwenye kiti kile, lakini alikikalia vizuri.

Na kazi yenyewe ilimsaidia kuota. Kila mwaka Fundi ndiye aliyeshona majoho ya mahafali ya chuo. Hakuwahi kuingia darasa la chuo hata moja, lakini elimu yote ya dunia aliijua kwa rangi ya utepe unaozunguka shingo. Udaktari ulikuwa mwekundu, uhasibu kijani, ualimu buluu. Sheria ilikuwa zambarau, satini tupu, tena majoho yake peke yake ndiyo yaliyotiwa bitana mgongoni. Watu wa udongo walivaa kahawia. Mwaka huu walikuwa wanne, na tepe zao alizikata kwenye mabaki ya mapazia.

Dirishani, mahali pa kuonekana na kila mpita njia, lilining'inia joho la sheria lililokatwa kwa vipimo vya binti yake. Alilishona wiki ile ile barua ya chuo ilipofika, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Mkewe alimwambia siku hiyo kwamba mtoto mchanga hanunuliwi viatu vya kuolea. Fundi akajibu kwamba nguo haiozi.

"Ni nani amekutia maneno haya?" aliuliza sasa.

"Hakuna. Walitupeleka kuona kesi ya shamba, shambani kwenyewe. Mawakili wawili wakabishana saa tatu nzima shamba ni la nani. Mimi nimesimama pale, naona upande mmoja udongo mweusi, upande wa pili mwekundu, na kote hakuna hata jani. Hakuna aliyeuliza kwa nini halioti kitu. Nikauliza mimi. Mhadhiri akasema hilo halimo kwenye shauri."

"Basi halimo."

"Ndiyo maana naondoka."

Fundi alirudi kwenye pasi na kuanza kufoka huku ananyoosha. Alifoka kuhusu karo, kuhusu mwaka utakaoongezeka, kuhusu watoto wa siku hizi, na alipofika kwa babu zake, chumba kikanuka nguo inayoungua. Alama ya pasi ilikuwa imekaa katikati ya mgongo wa joho moja la sheria, nyeusi juu ya nyeusi, na tundu ndani yake.

"Endelea," alisema mkewe. "Bado majoho mia tatu."

*

Kesho yake Jumatano asubuhi kinyozi wa mlango wa pili alikuja kuchukua koti lake la kazi. Alikuwa mkubwa kwa Fundi kwa miaka kumi hivi, na alikuwa mtu wa kufanya mambo mawili kwa safari moja, kwa hiyo alikuja pia na barua ya mwenye nyumba.

"Baba Wakili, nimemletea binti aitazame. Huyu mtu anataka kuniondoa."

"Binti ana kazi nyingi," alisema Fundi upesi. "Jaribu koti kwanza."

Kinyozi alivaa. Koti lilimbana kwapani, lakini akapunga mikono na kusema linatosha, atalizoea.

"Nguo isiyokukaa usiizoee," Fundi alimwambia, na hapo akawa fundi tena, siyo baba wa mtu. Maneno hayo aliwaambia wateja kila siku. "Lete niifumue sasa hivi. Ukishaizoea, utaanza kutembea umepinda bega, na watu watasema ndivyo ulivyozaliwa."

Binti alinyanyua uso, akamtazama baba yake kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaichukua ile barua ya kinyozi, akaisoma, akamwambia miezi mitatu ya notisi ni haki yake na hakuna mtu wa kumtoa kabla ya hapo. Kinyozi akaondoka anapiga mluzi. Fundi akafungua mikono, kama kusema unaona mwenyewe.

"Kujua na kupenda ni vitu viwili," alisema binti. Alitoa bahasha ya kaki mkobani na kuiweka juu ya meza ya kukatia, chini ya mkasi. "Fomu ya kuhama iko humu. Wakuu wa idara zote mbili wameshasaini. Bado mzazi, kwa sababu mlipaji wa mwaka utakaoongezeka ni wewe. Mwisho kesho saa sita mchana. Ukisaini, sawa. Usiposaini, mwakani nitakuwa nimekaa kwenye darasa lile lile nikimtazama mhadhiri yule yule, na wewe utajua kwamba namtazama kwa ajili yako."

Akatoka kwenda kuazima kitabu kwa rafiki yake.

"Saini," alisema mkewe.

"Nikisaini watu watasema nini?"

"Watu gani? Kinyozi?" Mkewe alikata uzi kwa meno. "Mume wangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Hiki cheo cha Baba Wakili umekiazima kwa mtoto. Sasa mwenyewe anakihitaji."

"Mimi nataka asipate tabu."

"Unataka kiti cha mbele."

Alichukua kikapu chake, akaenda kununua nyuzi. Fundi akabaki peke yake na bahasha.

Kuichana hakuweza. Mtu anayekula kwa kuunganisha vitu hachani kitu hivi hivi. Kuisaini hakutaka. Akili yake ikaenda mahali akili ya fundi cherehani huenda inapotaka kuficha kitu. Kwa miaka mingi wateja walimletea makoti awashonee ndani yake pete, barua, na mambo mengine ambayo waume au wake zao hawakupaswa kuyajua, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuonekana. Alilishusha joho la dirishani, akafumua bitana upande wa chini wa mgongo, akaiingiza bahasha bapa, akaipiga bandi, mishono mipana ya kushikiza, kwenye bitana isiteleze, halafu akafunga kwa mshono wa mkono. Mshono wa mkono haukuwa fani yake. Mambo hayo yalikuwa ya mkewe. Ulitoka mrefu mrefu na wa kuyumba. Lakini nani angeinua joho dirishani kutazama bitana? Ijumaa asubuhi, muda ukiwa umepita, angejifanya kuiokota bahasha nyuma ya robota. Ulikuwa uongo wa mtoto wa darasa la pili, naye alikuwa na miaka hamsini na sita.

Akalitundika joho, akafunga mlango, akaenda kunyolewa.

Kinyozi alikuwa amemaliza shavu la kulia Fundi aliposikia lori la chuo linarudi nyuma mbele ya duka lake. Alitaka kuinuka, lakini wembe ulikuwa shingoni. Isitoshe, mkewe alikuwa amesharudi, sauti yake ilisikika akihesabu majoho kwa sauti kubwa pamoja na mpakizi. Alipofika kwenye zambarau alisita kidogo, kisha akasema, "Arobaini na sita, kamili." Lori likaondoka. Fundi akageuza shavu la kushoto.

Aliporudi, ndoano ya dirishani ilikuwa tupu.

"Joho liko wapi?"

"Lipi?"

"La dirishani."

"Nimewapa." Mkewe alikuwa anafagia. "Wewe si uliunguza moja jana? Walitaka arobaini na sita, nilikuwa na arobaini na tano. Lile lina utepe ule ule. Na huyu hatalivaa tena, hata usiposaini. Kwani vipi? Mbona umekaa chini?"

*

Binti alirudi jioni jua likiwa bado kali. Alitazama meza ya kukatia, akainua mkasi, akainua kitambaa, akainama chini ya meza.

"Baba, bahasha iko wapi?"

"Sijaiona," alisema Fundi. Na kwa kweli, kwa wakati ule, alikuwa haioni.

"Nimeiacha hapa."

"Labda imeanguka."

Alidhani atagombezwa. Alikuwa amejiandaa hata kwa machozi. Yangempa nafasi ya kukasirika. Lakini binti alipiga magoti kwenye lundo la vipande vya kitambaa, akaanza kuviondoa kimoja kimoja. Mama naye akaacha ufagio.

"Mle mna cheti changu cha sekondari," binti alisema hatimaye, akiwa bado ameinama. "Chenyewe, siyo nakala. Ofisi ya usajili haipokei nakala. Kikipotea, siyo udongo tu. Hata sheria watanitoa."

Cheti kile Fundi alikijua. Siku kilipotoka alikibeba mwenyewe mkononi njia nzima, hakutaka kukikunja hata kukitia mfukoni. Sasa kilikuwa ndani ya lori la chuo, kwenye mgongo wa joho ambalo kesho angelikalia mtu asiyemjua.

Akapiga magoti kando ya binti yake, akaanza kutafuta kwa bidii kitu alichojua hakipo. Alikung'uta makopo ya vifungo. Alivuta cherehani mbele. Wakati fulani binti alimshika mkono, akamwambia, "Basi baba, usiumize mgongo wako." Hiyo ilimuuma kuliko kutukanwa.

*

Siku ya kugawa majoho Fundi huwa anakwenda ukumbini na sindano, uzi na subana yake, kwa ajili ya wale ambao vipimo vyao vimebadilika tangu walipopimwa. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi mkewe hakushangaa alipomwona anatoka. Alishangaa tu kwamba amevaa viatu visivyo ndugu. Binti alikuwa ametangulia, kwenda kuwaomba watu wa usajili fomu nyingine na siku moja zaidi.

Wanasheria walikuwa wamekaa upande wa kushoto, arobaini na sita, zambarau shingoni, wanapigana picha. Mwaka jana Fundi alisimama mlangoni kuwatazama hivi hivi mpaka akasahau kula. Leo aliwatazama kwa macho ya mtu aliyepoteza mbuzi mnadani. Joho lile lilikuwa na mshono wake mbaya ndani, chini ya mgongo. Ili auone, hapakuwa na njia ila kuwainua watu wazima majoho kwa nyuma.

Alianza na kijana mrefu aliyekuwa amesimama pembeni.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Naangalia bitana, mwanangu."

"Bitana yangu?"

"Zote."

Wa kwanza aliona ni kichekesho. Wa pili, msichana mwenye miwani, alijivuta. Alipofika kwa wa tisa, kijana mmoja mwenye sauti nzito tayari ya mahakamani alimzuia kwa mkono.

"Samahani mzee. Kumshika mtu nguo aliyoivaa bila ridhaa yake ni kosa. Naweza kukutajia kifungu."

"Nguo nimeishona mimi."

"Kushona hakukupi haki ya kuingia ndani yake."

"Lakini subiri," alisema mwenye miwani. "Majoho ni ya kuazimwa. Ni mali ya chuo. Na huyu ana mkataba na chuo."

"Mkataba wa kushona, siyo wa kukagua."

"Ukaguzi unaweza kuwa sehemu ya matengenezo."

"Baada ya kupokelewa kwa saini?"

Wakakusanyika. Wengine walisema Fundi ana kosa, wengine walisema hana, mmoja alisema inategemea nia yake, na palepale ukazuka ubishi juu ya namna ya kuthibitisha nia. Walizungumza vizuri sana, kwa mikono na kwa mpangilio, na Fundi alisimama katikati yao na sindano kifuani, akimwaga jasho. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu. Walibishana kwa dakika kumi kamili. Akayakumbuka yale maneno ya shamba jeusi na jekundu, maana katika wasomi wote wale, hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza ni kitu gani alichopoteza.

Mnyonge hana haki, alijisemea, lakini hata haki yenyewe leo imechelewa kuamka.

"Mzee," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa dada mnene mpole, ambaye hakuwa amechangia ule mjadala. "Unachotafuta kinakwaruza? Maana mimi tangu nimekaa nasikia kama nimekalia gazeti."

Fundi nusura ambusu. Akamwomba asimame, akapiga magoti nyuma yake mbele ya wanasheria wote, akainua pindo. Mshono ulikuwa pale, mrefu mrefu, unayumba kama mlevi. Akaukata kwa wembe, akaing'oa bahasha, kisha akalifunga joho upya kwa mshono wa haraka kwa sababu kazi ni kazi.

"Hiyo ni ushahidi wa nini?" aliuliza mwenye sauti nzito.

"Wa ujinga," alisema Fundi. "Kifungu chake hamjafundishwa."

Nje ya ukumbi alifungua bahasha kuhakikisha cheti ni kizima. Kilikuwa kizima, ila pembeni palikuwa na matundu ya sindano, safu nzima. Halafu akaitazama fomu. Sehemu ya sababu za kuhama binti alikuwa ameandika kwa kalamu mstari mmoja: nataka kujua kwa nini shamba halioti, siyo la nani. Chini yake palikuwa na maoni ya mzazi au mlezi. Hapo palikuwa pameandikwa kwa penseli, kwa hati nyepesi, ili mtu aandike juu yake.

*Mimi ni fundi cherehani. Huwaambia wateja wangu nguo isiyokukaa usiizoee. Namruhusu mwanangu ahame.*

Binti alijua baba yake akishika kalamu mbele ya wakubwa maneno humkimbia. Alikuwa amempigia bandi, kama wanavyompigia bandi mshonaji mgeni ili cherehani isipotee njia. Tena maneno yalikuwa ya Fundi mwenyewe. Kinachosikitisha ni kwamba aliyasema kila siku na hakuwahi kuyasikiliza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni, na akaanza kukimbia na viatu vyake visivyo ndugu.

*

Ofisi ya usajili ilikuwa na dirisha dogo lenye vyuma, na nyuma ya vyuma karani aliyekuwa anakula karanga. Binti alikuwa amesimama pale, mikono miwili juu ya ubao, anasema kwa mara ambayo dhahiri haikuwa ya kwanza, "Naomba tu mpaka kesho, mama."

"Kesho ni kesho. Leo ni leo."

"Hii hapa," alisema Fundi. Alikuwa anahema. "Hii hapa, imepatikana."

Binti aliigeukia bahasha kwanza, baba baadaye. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na moja.

"Sehemu ya mzazi haijajazwa," alisema karani.

"Nipe kalamu."

Aliandika juu ya penseli, herufi baada ya herufi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alipofika kwenye namruhusu, alisimama, akainua uso kumtazama binti yake, akaendelea. Hakuongeza wala kupunguza neno. Mwisho akaweka sahihi, ile ile anayoweka kwenye risiti za suruali.

Karani alichukua cheti, akakiinua kwenye mwanga. Mwanga ukapita kwenye matundu.

"Hiki kimefanywa nini?"

Fundi angeweza kusema panya. Angeweza kusema wadudu, au mashine ya kufungia. Uongo mzuri ulikuwa umejipanga foleni.

"Nilikishona," alisema.

"Ulikishona?"

"Ndani ya joho. Bahasha yote."

"Kwa nini?"

"Ili asihame." Alisema akitazama karanga. "Sikujua cheti kimo. Ningejua, ningeficha fomu peke yake. Nasema ukweli, siyo kwamba ningeacha."

Karani alimtazama Fundi, akamtazama binti, akatazama saa. Alikuwa na watoto, ilionekana kwa namna alivyopumua. Akachukua mhuri, akaupuliza, akaugonga mara tatu.

"Miaka ishirini na mbili kwenye dirisha hili," alisema. "Nimeletewa fomu zilizolowa, zilizoliwa na mbwa. Iliyoshonwa ni ya kwanza. Anayefuata."

Walitoka mpaka kwenye ngazi. Binti alishuka ngazi moja, akageuka, wakawa wametazamana.

"Jana ulipiga magoti ukatafuta na mimi."

"Ndiyo."

"Ukakung'uta mpaka makopo ya vifungo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimekasirika, baba. Sitaki unibembeleze. Nitanuna mpaka Jumapili."

"Jumapili asubuhi au jioni?"

"Usinichekeshe," alisema, na akatangulia.

*

Jumamosi kinyozi alikuja na koti lake, sasa likiwa linamkaa vizuri, kuuliza kama kuna mabaki ya kitambaa cha kufutia nyembe. Mama alikuwa anapinda. Binti alikuwa amejilaza nyuma ya robota na kitabu, amempa baba yake mgongo tangu juzi kwa uaminifu mkubwa.

"Baba Wakili, dirisha limebaki wazi."

"Limebaki."

"Nasikia binti kahamia mambo ya udongo."

"Umesikia sawasawa."

"Sasa joho jipya utalishona lini?"

"Akimaliza. Nitampima siku hiyo. Huenda amenenepa."

Kinyozi alijikuna kidevu. Ilionekana kuna kitu kinamtekenya.

"Na sisi tukuiteje? Baba Udongo?"

Mama aliacha kupinda. Nyuma ya robota ukurasa haukufunuliwa.

Fundi alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake wa pini moja baada ya nyingine.

"Niiteni hivyo hivyo," alisema. "Lakini wewe usicheke, ndugu yangu. Wakili mtu anaweza akaishi mpaka akafa bila kumhitaji. Udongo hakuna anayeukwepa, na kati yetu mimi na wewe, aliye karibu kuwa mteja wa mwanangu ni wewe."

Nyuma ya robota, binti aliyeapa kununa mpaka Jumapili alicheka siku moja kabla.